Metali Inayojitanda: Sayansi ya Kuziba Tundu la Boti ya Alumini

Miongoni mwa maswali ambayo wamiliki wa boti ndogo huyaleta katika kurasa za sayansi, moja hurudi kila mara: kwa nini fundi hodari wa kuchomelea mageti na mabomba, ambaye tundu la upana wa kidole katika tangi la chuma ni kazi yake ya dakika chache, hukataa kuligusa tundu la ukubwa uleule katika ubavu wa boti ya alumini, au hulikubali kisha akairudisha boti kwa mwenyewe tundu likiwa limepanuka mara tatu? Jibu la gereji ni kwamba alumini "haishiki". Jibu hilo ni la kweli kwa kiasi chake, lakini halisemi ni nini hasa kinachoizuia isishike, na katika jambo hilo lisilosemwa ndimo ilimo sayansi nzima ya kukarabati boti za aina hii. Anayeziba tundu la boti ya alumini, awe anatumia moto, ribiti au gundi, hapambani kwanza na tundu. Hupambana na utando usioonekana kwa macho, ambao metali yenyewe imeufuma juu ya uso wake na ambao huufuma upya kila unapochanwa.

Historia ya metali hii, kuanzia udongo wa boksiti hadi mitambo ya umeme inayoizalisha, imekwisha kuelezwa katika vitabu vingi na haina haja ya kurudiwa hapa. Inatosha kukumbuka kwamba boti za alumini zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, pale viwanda vya ndege vya Marekani vilipobaki na mabati, mashine na mafundi wa ribiti huku ndege za kivita za kuundwa zikiwa zimepungua. Kampuni ya ndege ya Grumman ndiyo mfano unaotajwa zaidi, kwani mmoja wa wakuu wake, William Hoffman, baada ya kubeba mtumbwi mzito wa mbao na turubai katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, mwaka 1944, alitaka uundwe mtumbwi wa bati la ndege, na uundaji wake ukaanza mwaka 1945. Abiria anayevuka leo kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja kwa vivuko vya mwendo kasi vyenye jina la Kilimanjaro, vilivyoundwa Hobart huko Tasmania, naye husafiri juu ya alumini. Faida ni ileile: kwa ujazo ulio sawa, alumini ina uzito wa takriban theluthi moja tu ya ule wa chuma, na haihitaji rangi ili isishikwe na kutu.

Hilo la kutu ndilo linaloleta mkanganyiko, kwa sababu alumini haikwepi oksijeni hata kidogo. Kinyume chake, ni miongoni mwa metali zenye uchu mkubwa wa oksijeni, kiasi kwamba unga wake laini ukiwashwa huungua kwa mwanga mkali. Kipande cha alumini kikikatwa kwa msumeno, uso mpya unaong'aa haubaki alumini tupu hata kwa muda wa kupepesa jicho, kwani oksijeni ya hewani huukamata papo hapo na kuufunika kwa tabaka la oksidi ya alumini, yaani muungano wa atomi mbili za alumini na tatu za oksijeni. Tabaka hilo huwa na unene wa nanomita 2 hadi 4, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa binadamu, ukilinganishwa nalo, ni gogo la mbuyu. Hata hivyo tabaka hilo ndilo linaloamua boti itaishi miaka mingapi majini na fundi atafaulu au atashindwa.

Hapa Kiswahili kinadai kusimamishwa kidogo, kwa sababu jina litakalopewa tabaka hili litaongoza fikra za fundi. Neno "kutu" halifai, maana kutu katika Kiswahili ni uharibifu, ni kitu kinachokula na kumeguka, ilhali tabaka la alumini hulinda. "Gamba" lina unene mno na hubanduka. "Ukoga", ambao ni uchafu unaoganda juu ya meno, unakaribia kwa wembamba wake, lakini huashiria kitu cha kusuguliwa na kutupwa kila asubuhi. "Utando" ndilo neno lenye haki, kwa kuwa linatokana na kitenzi "kutanda", kinachosemwa juu ya wingu lililofunika anga lote bila ya kuacha pengo, na kwa kuwa Mswahili huliona jambo lenyewe juu ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Kazi bado iko katika kitenzi. Wanasayansi wana istilahi yao ya tendo la metali kujifunika na kutulia, na watafsiri wengi wameridhika kuikopa jinsi ilivyo au kuieleza kwa maneno sita, na hali Kiswahili cha pwani kinacho kitenzi kilichokaa tayari: mwanamke anapoivuta kanga yake ikafunika kichwa na mabega husemwa kuwa amejitanda. Alumini nayo hujitanda. Huvuta juu yake nguo iliyotokana na mwili wake yenyewe, na ikivuliwa hujitanda tena kabla aliyeivua hajageuka. Metali ya namna hii na iitwe metali inayojitanda, na tendo lenyewe liitwe kujitanda. Mwenye neno bora zaidi na alilete, lakini aje nalo akiwa na kitenzi.

Swali linalopendeza kuliko yote katika mada hii si kwa nini utando huanza, kwa kuwa uchu wa oksijeni unatosha kulieleza hilo, bali ni kwa nini utando huacha kukua. Oksijeni ya nje haijaisha, alumini ya ndani haijaisha, na uchu wa kila upande kwa mwenzake haujapungua. Kitu gani basi huuambia utando, ukifika nanomita chache, kwamba basi? Jibu lilitolewa na Nicolás Cabrera wa Hispania na Nevill Mott wa Uingereza katika nadharia waliyoichapisha mwaka 1949. Msingi wake ni kwamba elektroni, yaani chembe ndogo zenye chaji hasi, zina tabia ambayo vitu vya kawaida havina: zikikutana na ukuta mwembamba wa kutosha, baadhi yake hutokea upande wa pili bila ya kuuruka wala kuutoboa. Elektroni za alumini huupenya utando kwa namna hiyo, zikafika nje na kukamatwa na oksijeni, ambayo sasa huwa na chaji hasi. Ndani hubaki atomi za alumini zilizopungukiwa na elektroni, ambazo huitwa ayoni na zina chaji chanya. Chaji hasi nje, chaji chanya ndani, na utando katikati: hapo huzaliwa mvutano wa umeme.

Na ufikiriwe ua wa makuti uliozunguka nyumba ya akina mama na watoto wao, na nje ya ua huo pamepigwa ngoma. Watoto, ambao ndio elektroni, ni wembamba na wepesi, nao hupenya katikati ya makuti bila ya kuyavunja. Mama zao, ambao ndio ayoni za alumini, ni wazito na hawapenyi, hivyo hubaki ndani. Watoto wakifika nje hushikwa mikono na wageni wa ngoma, ambao ni oksijeni, na wakishikwa huanza kuita. Mama asikiapo sauti ya mwanawe hatulii. Husukuma makuti kwa mabega, akajipenyeza kwa nguvu mpaka akatokea nje. Lakini akishatoka harudi, wala mgeni hamwachii mtoto: mama, mtoto na mgeni hushikana wakasimama palepale, migongo yao ikiegemea ua, na hivyo wenyewe huwa safu mpya ya ua. Ua umeongezeka unene kwa safu moja. Kundi la pili la watoto hupenya safu mbili, likaita, na mama zao wakatoka kwa taabu iliyozidi kidogo. La tatu hupenya safu tatu, la nne safu nne. Uchungu wa mwana ni uleule siku zote, ila umbali ndio unaozidi, na sauti inayomfikia mama huwa hafifu kila safu inapoongezeka. Hufika safu ambayo mama husikia, akageuza uso, akainuka nusu, lakini mvuto haumtoshi tena kuyasukuma makuti yote yaliyo mbele yake. Hapo ua huacha kukua, ingawa ngoma haijanyamaza na akina mama hawajaisha.

Mfano huo una hesabu yake. Tofauti ya volti kati ya pande mbili za utando, ambayo ndiyo uchungu wa mama, hubaki karibu palepale, takriban volti moja. Lakini nguvu ya mvutano hutokana na volti hiyo kugawanywa kwa unene. Volti moja katika nanomita mbili ni sawa na volti 500,000 katika milimita moja, na hewa ya kawaida hupasuka kwa cheche pakiwa na volti 3,000 tu katika milimita hiyo. Nguvu ya namna hiyo huweza kuing'oa ayoni kutoka mahali pake na kuipitisha katika kitu kigumu. Utando ukinenepa mara mbili, nguvu hupungua kwa nusu, na kwa kuwa mwendo wa ayoni huitegemea nguvu hiyo kwa ukali mkubwa, mwendo haupungui kwa nusu bali huzimika karibu kabisa. Mfano huohuo hueleza pia kwa nini mkwaruzo hupona mara moja: anayekata ua kwa panga hufungua mahali pasipo na safu hata moja, ambapo mama na mwana wanaonana uso kwa uso, na ua hapo hujengwa upya kwa kasi ya mwanzo.

Kujenga ua hakutoshi kama nguo haimkai mwenyewe. Mwaka 1923, Pilling na Bedworth walionyesha kwamba metali hulindwa na oksidi yake pale tu oksidi hiyo inapochukua nafasi kubwa kidogo kuliko metali iliyoliwa ili kuiunda. Kwa alumini uwiano huo ni takriban 1.28, nao ni mzuri, kwa sababu utando hubanwa kidogo juu ya uso na hauachi pengo. Kwa magnesiamu ni takriban 0.81, kanga ni fupi, na mwili hubaki wazi. Kwa chuma, kutu huchukua nafasi mara mbili au zaidi, na nguo iliyozidi kiasi hicho hujikunja, hupasuka na kudondoka kwa magamba, ikifichua chuma kipya cha kuliwa.

Utando wa alumini hata hivyo una maadui, na mpishi wa Afrika Mashariki anamjua mmoja wao. Anayepika maharage kwa magadi katika sufuria ya alumini huona sufuria ikibadilika rangi, kwa kuwa magadi ni besi, na oksidi ya alumini huyeyuka katika besi kali kama inavyoyeyuka katika asidi kali. Kwa sababu hiyohiyo deheni ya jadi, mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaopakwa chini ya vyombo vya mbao, haina mahali katika boti ya alumini, kwani chokaa nayo ni besi. Zebaki ni adui wa pili: tone lake likigusa mahali palipochanika, huchanganyika na alumini na kuuzuia utando usishike, na metali hujimaliza yenyewe ikitafuta nguo isiyokaa mwilini, na hii ni sababu mojawapo ya zebaki kuhesabiwa bidhaa ya hatari ndani ya ndege. Adui wa tatu ndiye wa kila siku, naye ni kloridi ya chumvi ya bahari, ambayo hushambulia sehemu dhaifu za utando na kuchimba vishimo vidogo. Pakiwa na oksijeni ya kutosha, vishimo vingi hujifunga. Pasipo na oksijeni, havifungi, na jambo hilo litarudi hapa chini.

Sasa na turudi kwa fundi wa mageti. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini oksidi yake huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Fundi aelekezapo moto kwenye bati la boti, metali ya ndani hugeuka maji na hali utando wa juu bado ni mgumu, na kinachopatikana ni mfuko mwembamba uliojaa metali ya maji. Waya wa kujazia ukichomekwa hauchanganyiki, maana ngozi ya tone na ngozi ya bati zimesimama katikati. Fundi husubiri rangi nyekundu aliyoizoea kwenye chuma ili ajue joto limefika, na rangi hiyo haiji, kwa sababu alumini huyeyuka kabla ya kufikia joto la kung'aa kwa wekundu unaoonekana mchana. Joto nalo, kwa kuwa alumini hulisambaza haraka kuliko chuma, limekwisha kuenea pembeni. Mfuko hupasuka, metali hudondoka, na tundu la kidole huwa tundu la kiganja.

Dawa iliyopatikana ni ya ajabu kwa wepesi wake, nayo ni kugeuza mwelekeo wa umeme. Katika uchomeleaji wa ncha ya tangisteni, ambao ulibuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya ndege, cheche ya umeme huruka kati ya ncha hiyo isiyoyeyuka na bati, ndani ya pumzi ya gesi ya agoni. Umeme ukiwa wa kupishana, mwelekeo hugeuka mara nyingi kwa sekunde. Katika nusu moja ya mzunguko, elektroni hutoka kwenye ncha na kulipiga bati, na hapo hupatikana joto la kuyeyusha. Katika nusu ya pili, bati ndilo linalotoa elektroni, nazo hazitoki mahali popote tu, bali huchagua madoa yenye oksidi, zikachomoka kwa ukali katika vidoa vinavyorukaruka juu ya uso na kuupasua utando vipande vipande, huku ayoni za agoni zikija kwa mwelekeo wa pili na kuupiga. Watoto walewale waliosababisha ua kujengwa kwa kupenya polepole, sasa wakilazimishwa kutoka wote kwa pamoja, ndio wanaoubomoa. Na ua haujengwi tena, kwa kuwa agoni imeufukuza umati wa ngoma: hakuna oksijeni ya kuwashika mikono. Fundi huona ukanda mweupe ukifunguka kuzunguka dimbwi linalong'aa kama kioo, na hapo tu ndipo waya wa kujazia hupokewa.

Usafi kabla ya moto una mpangilio wake, na mpangilio huo si wa hiari. Mafuta hufutwa kwanza kwa asetoni na kitambaa safi, ndipo uso usuguliwe kwa brashi ya waya wa chuma kisichoshika kutu, ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Anayesugua kabla ya kufuta huyashindilia mafuta ndani ya mikwaruzo. Mafuta na unyevu hubeba haidrojeni, na alumini iliyoyeyuka hupokea haidrojeni karibu mara ishirini zaidi kuliko alumini iliyoganda. Kwa hiyo metali inapoganda huitema gesi hiyo, na gesi isiyowahi kutoka hubaki ndani ya mshono kama mapovu katika andazi. Mshono wa namna hiyo huonekana mzuri kwa nje lakini hupitisha maji.

Aina ya alumini nayo huamua. Mabati ya boti kubwa mara nyingi ni ya jamii ya 5000, kama ile ya namba 5083, ambayo nguvu yake hutokana na magnesiamu iliyochanganywa humo, na hiyo huvumilia kuchomelewa. Zile za jamii ya 6000, kama 6061, hupata nguvu kwa kupashwa na kupozwa kwa utaratibu kiwandani, na moto wa fundi huifuta kazi hiyo: kandokando ya mshono bati huweza kupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Ndiyo sababu boti nyembamba za bati la milimita moja na kitu mara nyingi hazichomelewi kabisa, bali huzibwa kwa ribiti.

Njia ya ribiti haina moto, na kwa hiyo huuacha utando ukiwa na amani yake. Ikiwa tundu lina ufa, kila ncha ya ufa hutobolewa kwa keekee kitundu kidogo cha mviringo, ili nguvu inayokusanyika kwenye ncha kali itawanywe katika duara na ufa usiendelee. Kiraka hukatwa kutoka bati la aina ileile au inayokaribiana nayo, pembe zake huviringishwa kwa tupa, na hufungwa kwa ribiti za alumini zilizopangwa karibu karibu. Ribiti hushika lakini hazizuii maji. Waundaji wa vyombo vya mbao wa pwani wanalijua hilo kwa muda mrefu: misumari hufunga mbao, na maji huzuiwa na kalafati, ile pamba iliyolowa sifa na kushindiliwa kati ya ubao na ubao. Katika boti ya alumini kalafati ni mpira laini wa poliyurethani unaopakwa chini ya kiraka chote na kuzunguka kila ribiti kabla ya kupigwa, wala si doa la kupachikwa pembeni baada ya kazi kwisha.

Wengine hutumia epoksi, gundi ya sehemu mbili inayoganda baada ya kuchanganywa, pamoja na kitambaa cha nyuzi za kioo. Hapa utando huingia tena, kwa kuwa gundi iliyopakwa juu ya oksidi kuukuu na chafu hushika oksidi hiyo, na hubanduka nayo. Kupiga msasa kisha kupaka hakutoshi. Mbinu nzuri ni kupaka epoksi kwanza, kisha kuusugua uso kwa msasa au brashi ya waya chini ya epoksi ikiwa bado majimaji, ili metali inapofunuliwa ikutane na gundi kabla ya kukutana na hewa. Ni kumvua nguo mwenye kujitanda na kumvika nyingine katika tendo moja. Kiraka cha namna hiyo hufaa kwa tundu dogo na kwa safari ya kurudi nyumbani. Kwa tundu kubwa, epoksi peke yake haitoshi.

Lipo kosa moja linaloharibu kazi nzuri ya njia zote tatu, nalo ni kuleta metali ngeni. Mwaka 1895, kiwanda cha Herreshoff huko Bristol, Rhode Island, kiliunda mashua ya mashindano iliyoitwa Defender, yenye mataruma ya chuma, mbavu za juu za alumini na sehemu ya chini ya bronzi, ambayo ni mchanganyiko wa shaba. Mashua hiyo ilishinda Kombe la Amerika mwaka huohuo, na kufikia mwaka 1901 ilikuwa imevunjwa na kuuzwa vipande. Maji ya chumvi hupitisha umeme, na shaba iliyounganishwa na alumini ndani ya maji hayo huwa lango lililoachwa wazi: watoto hawahitaji tena kupenya ua, hutoka kwa lango la shaba kwa makundi, na mama zao hutoka mahali ua ulipochanika, wakaingia baharini moja kwa moja pasipo kusimama kuujenga. Mwaka 2011, meli ya kivita ya Marekani iitwayo Independence, ya alumini, iligunduliwa kuwa imelika vibaya karibu na mitambo yake ya kusukuma maji, yenye chuma, chini ya miaka miwili baada ya kuanza kazi. Kwa hiyo skrubu ya shaba haiingii katika kiraka cha alumini, rangi ya shaba ya kuzuia makombe haipakwi, na sarafu iliyodondoka katika ngama huokotwa siku hiyohiyo. Boti hufungiwa pia kipande cha metali dhaifu zaidi, kiliwe badala yake kama kafara: zinki baharini, na magnesiamu katika maji baridi kama ya Ziwa Viktoria au Ziwa Tanganyika, ambako zinki hulala bila ya kufanya kazi.

Kosa la pili ni mwanya. Kiraka kilichokaa juu ya bati bila ya kalafati huacha chini yake nafasi nyembamba ambayo maji huingia lakini hayabadilishwi. Oksijeni ya maji hayo huisha haraka, na utando ukichanika humo hakuna cha kuufuma. Kloridi hukusanyika, maji hugeuka asidi, na bati huliwa mahali pasipoonekana. Sponji au zulia lililolowa na kulala juu ya sakafu ya boti hufanya vivyo hivyo. Tundu la pili, mara nyingi, huzaliwa chini ya kiraka cha kwanza.

Tahadhari za kawaida zipo: tangi la petroli huondolewa kabla ya moto, mahali pa kazi hupitishwa hewa, na tundu lililogusa mkuku hukaguliwa na mtaalamu. Zaidi ya hayo, kazi ina kanuni fupi. Fundi na aulize kwanza bati ni la namba gani, afute mafuta kabla ya kusugua, avue utando pale tu kitakachouziba uso kikiwa tayari, kiwe agoni au epoksi, asilete shaba, na asiache mwanya. Akishamaliza, uso wa nje wa boti auache bila ya rangi akipenda, kwa kuwa hapo penye hewa metali itajitanda yenyewe, bila ya gharama, kabla hajakusanya vifaa vyake.